Ukumbi wa Ngoma na Haki ya Mwenye Kukodi

Mengi yamesemwa juu ya utamaduni wetu tangu Uhuru na tangu Mapinduzi. Sherehe za kitaifa hazikamiliki bila ya ngoma, wala kiongozi hapokelewi uwanjani bila ya vijana kumchezea. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuliza: vijana hao wamefanyia wapi mazoezi yao, wamelipa kiasi gani, na fedha hizo wamemkabidhi nani? Leo twapenda kulijadili jambo hilo, dogo kwa umbo lakini kubwa kwa maana: ukodishaji wa kumbi za umma kwa vikundi vya ngoma na dansi.

Malalamiko ya wenye kukodi yanafanana mno, hata mtu angedhani yametungwa na mdomo mmoja. Kikundi hupatana bei siku ya Jumatatu, na ifikapo Jumamosi bei imepanda. Hutoa amana, na baada ya shughuli amana hairudi, kwa kisingizio cha kiti kilichovunjika kabla ya wao kuzaliwa. Huandikishwa kwa saa kumi za jioni, wakafika na kumkuta mwenye ufunguo amekwenda mazikoni, na hakuna mwingine ajuaye ufunguo ulipo. Mara nyingine hukuta harusi au mkutano umekwisha kushika nafasi yao, nao huambiwa wastahamili kwa kuwa wao ni "watu wa ngoma tu". Neno hilo "tu" ndilo linalotuuma zaidi.

Sisi wenyewe tumepata kusaidia kukodi ukumbi mmoja, ambao hatutautaja, kwa ajili ya mazoezi ya vijana. Tulilipa bila ya kupewa stakabadhi. Taa zilikuwa mbili katika ukumbi mzima, sakafu ya saruji ilikuwa imepasuka, na chumba cha wasichana kubadilishia nguo kilikuwa ghala la magunia. Hatuyasemi haya kwa kutaka kumwaibisha mtu. Twayasema kwa sababu kila tuliyezungumza naye baadaye, mjini na shamba, alikuwa na kisa chake kilicho sawa na hicho.

Historia inatufundisha kwamba ukumbi wa umma haukuwa kamwe jambo la kupuuza. Jijini Dar es Salaam, ukumbi wa Arnautoglu, ulioitwa kwa jina la Mgiriki aliyetoa fedha za kuujenga, ulikuwa mahali pa starehe na mafunzo ya wenyeji. Humo ndimo, Aprili 1953, Mwalimu Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa TAA, mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwa TANU. Huku kwetu Unguja, jumba la Raha Leo kule Ng'ambo lilijengwa kwa ajili ya shughuli za wananchi, na Januari 1964 likawa makao ya wanamapinduzi. Watu waliokwisha kuzoea kukusanyika kwa furaha walijua pia pa kukusanyika kwa kazi nzito.

Tena tutazame vikundi vyetu vya taarabu. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Vimepita tawala na tawala. Hatusemi kwamba nyumba ndiyo sababu pekee ya umri huo, lakini kikundi chenye mlango wake na mahali pa kuweka ala zake hakianzi upya kila msimu. Huko Bara, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, lilimiliki kumbi kama zile za Kariakoo na Magomeni Kondoa, na mwaka 1983 likaichukua bendi ya Mlimani Park kuwa yake. Hapo mwenye ukumbi na mwenye muziki walikuwa mmoja, na matunda yake yanasikika hadi leo kila inapopigwa dansi ya zamani.

Mwananchi wa visiwani aweza kudhani kwamba shida hii ni ya miji ya pwani. Na tuvuke bahari, tuifuate reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha tupande milima ya Buha hadi Kabanga, karibu na mji wa Kasulu. Jina la Kabanga lajulikana kwa hospitali yake ya misheni, kwa chuo chake cha ualimu na kwa shule yake ya msingi inayowachanganya watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu. Waha ni watu wa ngoma, kama walivyo jirani zao wa Burundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Kwa desturi ngoma ya huko huchezwa uwanjani. Uwanja haukodiwi, wala hauna mwenye ufunguo. Lakini katika nyanda hizo mvua huanza kiasi cha Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, na uwanja wenye matope hauchezeki. Katika kijiji kama hicho, mwenye kutaka mazoezi ya kudumu hana budi kubisha hodi kwenye mlango wa taasisi: shule, chuo au kanisa. Hizo ni nyumba zilizojengwa kwa kazi nyingine, na mwenye nyumba ana haki ya kutanguliza kazi yake. Mkodi wa namna hiyo haombi huduma, anaomba hisani. Na hisani haina ratiba.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Kabanga iwe mfano wetu, nayo ni nzito kuliko mvua. Baada ya kuzuka kwa mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Magharibi na Kanda ya Ziwa, shule ya Kabanga ilikuwa miongoni mwa mahali walipopelekwa watoto wenye ualbino ili wapate usalama. Ngozi ya mtoto huyo haina kinga dhidi ya jua. Kumwambia acheze ngoma uwanjani saa nane za mchana ni kumwambia achague kati ya furaha ya wenzake na afya ya mwili wake. Kwake yeye, paa si anasa. Paa ndilo linalomwezesha kuingia katika duara la ngoma pamoja na wenziwe, naye akaonekana kuwa mtoto kama watoto wengine. Basi mtu asituambie tena kwamba ukumbi wa ngoma ni jambo la wasio na kazi.

Tusidhani kwamba dawa haijulikani. Jijini Nairobi, mwaka 2003, ghala la zamani katika eneo la viwanda liligeuzwa kuwa kituo cha sanaa cha GoDown, na wacheza dansi wakapata humo mahali pa mazoezi. Jijini Dar es Salaam, kituo cha Nafasi kilianzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni, na makontena ya mizigo yakafanywa vyumba vya kazi vya wasanii. Katika vituo hivyo viwili hakukungojwa jumba la fahari. Kilichotangulia ni nafasi iliyokuwapo na nia ya kuitumia.

Ni haki pia tuwasemee wasimamizi wa kumbi. Umeme hulipiwa, paa huvuja, na wapo wakodi waachao takataka hadi mlangoni, wapitishao saa walizopewa, au wapigao ngoma wakati majirani wanasali au wana msiba. Haki ya mwenye kukodi haiwezi kutengwa na wajibu wake. Lakini mapato ya ukumbi yakimezwa na matumizi mengine ya halmashauri, na msumari mmoja usinunuliwe kwa ajili ya paa, msimamizi hubaki akitukanwa kwa kosa lisilo lake.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matano kwa halmashauri na wizara zinazohusika, Bara na Visiwani. Kwanza, bei zibandikwe mlangoni, nazo ziwe za ngazi tatu: mazoezi ya vikundi, sherehe za jamii, na biashara, si haki kikundi cha vijana kilipe sawa na mfanyabiashara. Pili, malipo yote yapitie mfumo wa Serikali na stakabadhi itolewe, na amana irudishwe baada ya ukaguzi unaofanywa pande zote mbili zikiwapo. Tatu, daftari la nafasi liwe wazi kwa kila mtu kulisoma, na aliyeandikishwa kwanza asiondolewe pasipo kurudishiwa fedha zake. Nne, zitengwe saa maalumu kila juma kwa watoto na watu wenye ulemavu, bila ya malipo. Tano, sehemu ya mapato ibaki kwa matengenezo, na walau mwakilishi mmoja wa wakodi aingie katika kamati ya ukumbi.

Na yanapofanywa matengenezo, mcheza ngoma aulizwe. Yeye ndiye ajuaye kwamba saruji tupu huumiza magoti na vifundo vya miguu, na kwamba sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya boriti humpokea mtu anapotua. Yeye pia ndiye ajuaye kwamba msichana asiye na chumba cha kubadilishia nguo hatarudi wiki ya pili.

Desemba 1962, Mwalimu alipounda wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba tulikuwa tumefundishwa kucheza dansi za wageni huku wengi wetu hatuzijui ngoma zetu. Miaka zaidi ya 60 imepita. Ngoma zetu twazijua na kuzisifu. Kilichobaki ni kuwapa wazichezao mlango unaofunguliwa saa iliyoahidiwa, kwa bei iliyoandikwa, Unguja, Pemba, na Kabanga pia.