Tumaini Lilitoka Nje ya Mlango

Ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya Machi 2020, shule zilifungwa na kafyu ikawekwa, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Aprili 6, jiji la Nairobi nalo likafungwa: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Mama yangu mzee alikuwa kijijini, nami sikuweza kwenda kumjulia hali.

Je, tumaini lingetoka wapi? Kwetu lilitoka nje ya mlango. Virusi vya korona huenea zaidi katika vyumba visivyopitisha hewa, kwa maana pumzi ya mgonjwa hubaki ikielea humo. Nje, upepo huitawanya. Basi kila asubuhi mimi na mke wangu tulitembea na watoto, barakoa usoni, mbali na umati. Jioni tulimwagilia mchicha uani. Nyanya yao aliwaelekeza kwa simu namna ya kupalilia.

Mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Watoto waliozoea kusikia hesabu ya wagonjwa redioni wakaanza kuhesabu majani, nao wakapata sababu ya kuingojea kesho.

Nairobi ilifunguliwa Julai 7, na wanafunzi wote wakaitwa shuleni Januari 2021. Funzo ni hili: hofu hukua mtu anapokaa bure peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Familia ikipata kazi ya pamoja, hata ndogo, huvuka siku ngumu.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.