Kuvunja polinomi, na kujua ile isiyovunjika

Mwulizeni mtoto wa shule ya msingi kama namba 91 yavunjika. Mara nyingi atajibu kwamba haivunjiki, kwa kuwa ameijaribu kwa 2, kwa 3 na kwa 5, na kila mara imebakiza kitu. Makatekista wanaofundisha watoto wanajua jibu: 7 mara 13. Mtoto yule aliacha kujaribu mapema, kisha akasema «hakuna» pahali pa kusema «sijaona». Vijana wetu wa seminari ndogo wanafanya vile vile wanapofika katika aljebra, wakitakiwa kuvunja polinomi ya daraja la tatu, la nne au zaidi. Ndilo jambo tunalotaka kueleza hapa.

Kuna waseminari, hasa wa sehemu ya Kilatini na Filozofia, wasemao kwamba padri hataulizwa polinomi kwenye altare. Ni kweli, hataulizwa. Lakini wengi wao watatumwa siku moja kufundisha katika seminari au koleji, na hapo wanafunzi watawauliza. Tena, mwalimu wa filozofia anashinda mwaka mzima akiwafundisha kupambanua kati ya jambo lisilojulikana bado na jambo lisilowezekana. Katika aljebra wanaweza kuushika upambanuzi huo kwa mikono yao, kwa kreyo na karatasi. Sisi twaona ni hasara kuupita mbio.

Tuanze na maneno yenyewe. Polinomi ni hesabu kama x³ - 4x² - 7x + 10. Namba ndogo ya juu iliyo kubwa kuliko nyingine, hapa 3, ndiyo daraja lake. Namba zinazotangulia x, yaani 1, -4 na -7, pamoja na ile ya mwisho, 10, zaitwa koefisienti. Kuvunja polinomi ni kuiandika kama polinomi ndogo zinazozidishana. Hizo ndogo twaziita fakteri. Na mzizi ni namba ambayo, ukiiweka pahali pa x, hesabu yote inakuwa zero.

Kazi yote yasimama juu ya neno moja ambalo René Descartes aliliandika katika kitabu chake cha jiometria cha mwaka 1637: kama namba a ni mzizi, basi x - a ni fakteri. Wanafunzi wengi hulikariri bila kuuliza sababu. Sababu yenyewe si ngumu. Chukueni x² - a²: ni (x - a)(x + a). Chukueni x³ - a³: ni (x - a)(x² + ax + a²). Ni hivyo hivyo kwa daraja lo lote. X - a imo ndani siku zote. Sasa, mkitoa katika polinomi ile thamani inayopatikana x ikiwa a, mnapata jumla ya tofauti za namna hiyo, na kila moja ina x - a ndani yake. Lakini ikiwa a ni mzizi, thamani ile ni zero, hakuna kilichotolewa. Basi polinomi yenyewe ina x - a ndani yake.

Mizizi tutaitafuta wapi? Namba hazina mwisho, na mwanafunzi anayejaribu ovyo atachoka kabla ya kengele. Tuseme a ni namba nzima iliyo mzizi wa polinomi yetu ya juu. Basi a³ - 4a² - 7a = -10, na upande wa kushoto twaweza kuuandika a(a² - 4a - 7). Kwa hiyo a, ikizidishwa na namba nzima nyingine, inatoa -10. Maana yake a inagawa 10 bila kubakiza. Zinazoweza kuwa mizizi ni nane tu: 1, 2, 5, 10, na hizo hizo zenye alama ya kutoa. Msitu mkubwa umekuwa bustani ya miti minane.

Tujaribu 1: 1 - 4 - 7 + 10 = 0. Tumepata mzizi mara moja, na x - 1 ni fakteri. Sasa tugawe, kwa njia fupi inayoitwa kwa jina la Mwitalia Paolo Ruffini. Andikeni koefisienti katika mstari: 1, -4, -7, 10. Ile ya kwanza, 1, ishuke chini ilivyo. Izidisheni kwa mzizi, 1, mwongeze kwa -4: mnapata -3. Hiyo izidisheni tena kwa 1, mwongeze kwa -7: -10. Tena: -10 na 10 ni zero, na zero hiyo yathibitisha kwamba hamkukosea. Namba zilizopatikana, 1, -3, -10, ni koefisienti za x² - 3x - 10. Hii ni ya daraja la pili tu, na kila mmoja wetu anajua kuivunja: (x - 5)(x + 2). Jibu lote ni (x - 1)(x + 2)(x - 5).

Kama koefisienti ya kwanza si 1, mzizi waweza kuwa sehemu, kama nusu au theluthi. Hapo namba ya juu ya sehemu hiyo inagawa namba ya mwisho ya polinomi, na namba yake ya chini inagawa koefisienti ya kwanza. Katika 2x³ + 3x² - 8x + 3 mtapata 1, -3 na ½. Fakteri zake ni (x - 1)(x + 3)(2x - 1). Hatukai zaidi hapo.

Basi hapa ndipo vitabu vingi vya shule vinapokoma, na hapa ndipo taabu inapoanza. Mazoezi ya vitabu yamepangwa ili yavunjike vizuri. Kijana akifanya arobaini ya namna hiyo anaamini kwamba kila polinomi lazima ivunjike kwa namba nzuri. Akipewa ile isiyovunjika, anageuza alama kwa siri mpaka hesabu «ikubali». Tumeona makaye ya namna hiyo, na twamlaumu mwalimu kuliko mwanafunzi, kwa maana hakumwonyesha hata siku moja polinomi inayokataa.

Mwonyesheni hii: x³ - 3x + 1. Namba zinazogawa 1 ni 1 na -1 tu. Kwa 1 twapata -1. Kwa -1 twapata 3. Hakuna zero. Je, twaweza kusema haivunjiki kwa namba nzima wala kwa sehemu? Ndiyo, na kwa hakika kamili. Polinomi ya daraja la tatu ikivunjika, lazima kipande kimoja kiwe cha daraja la kwanza, kwa sababu 3 ni 2 na 1, au 1 na 1 na 1. Kipande cha daraja la kwanza chaleta mzizi. Mizizi iliyowezekana tumeijaribu yote, yaani miwili, na yote miwili imekataa. Jibu la mwanafunzi hapo si «nimeshindwa». Aandike: «haivunjiki kwa namba hizi, na sababu ni hii». Sisi tungempa alama zote.

Lakini angalieni sana: hoja hiyo yatosha kwa daraja la pili na la tatu tu. Daraja la nne lina mlango mwingine, maana 4 ni pia 2 na 2. Chukueni x⁴ + 4. Mkiweka namba yo yote, x⁴ haiwi chini ya zero kamwe, kwa hiyo jumla haipungui 4. Mzizi hakuna, wala kwa namba nzima, wala kwa sehemu. Mwanafunzi aliyeshika kanuni bila sababu yake ataandika kwamba haivunjiki. Kumbe yavunjika! Ongezeni 4x², kisha mtoe 4x² hiyo hiyo, hesabu haibadiliki. Mnapata (x² + 2)² - (2x)², yaani tofauti ya kare mbili, na hiyo ni (x² + 2x + 2)(x² - 2x + 2). Asiyeamini aweke 10 pahali pa x: upande mmoja 10004, upande wa pili 122 mara 82. Azidishe mwenyewe.

Wala msiwacheke vijana wanaoanguka katika shimo hilo. Leibniz, mmoja wa wale wawili walioanzisha hesabu ya diferensiali, aliandika mwaka 1702 kwamba x⁴ + a⁴ haiwezi kuvunjwa kuwa vipande viwili vya daraja la pili, hata tukikubali namba zote zilizo halisi. Alikosa. Tuchukue x⁴ + 1 na kufanya kama juu: tuongeze 2x² na kuitoa. Twapata (x² + 1)² - 2x², na mzizi wa kare wa 2x² ni √2 mara x. Basi vipande ni x² + √2x + 1 na x² - √2x + 1. Mtu mwenye akili nyingi kuliko sisi sote alitafuta, hakuona, akasema hakuna.

Hata hivyo, x⁴ + 1 yatufundisha jambo la pili. Kwa namba nzima, kweli haivunjiki. Mizizi haina. Tuseme basi yavunjika kuwa (x² + ax + b)(x² + cx + d). Mkizidisha, x³ haipo, kwa hiyo c ni -a. Namba ya mwisho ni 1, kwa hiyo b na d ni 1 zote mbili, au -1 zote mbili. Na x² haipo, kwa hiyo a² ni sawa na b + d, yaani 2 au -2. Hakuna namba nzima ambayo kare yake ni 2 au -2. Imekwisha. Na sehemu je? Carl Friedrich Gauss alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1801 kwamba polinomi ya namna hii isiyovunjika kwa namba nzima haivunjiki kwa sehemu pia.

Basi polinomi ile ile haivunjiki kwa namba nzima, na yavunjika kwa namba halisi. Hakuna kupingana: swali lenyewe limebadilika. Anayeuliza «yavunjika?» bila kusema kwa namba gani, hajauliza bado. Waseminari wa filozofia watalitambua jambo hili bila sisi kulieleza zaidi.

Kwa namba halisi, jibu lajulikana kwa kila daraja: kila polinomi yavunjika kuwa vipande vya daraja la kwanza na la pili tu. Gauss alileta hoja yake ya kwanza mwaka 1799, nayo ilikuwa na pengo lililojazwa baadaye sana. Katika kazi hiyo yumo pia padri mmoja, Bernard Bolzano wa Praha. Mwaka 1817 alitoa kitabu kidogo kuthibitisha jambo ambalo wengine walilikubali kwa macho tu: kama polinomi yatoa thamani chini ya zero kwa namba moja, na juu ya zero kwa namba nyingine, lazima iwe na mzizi kati yao. Irudieni x³ - 3x + 1. Kwa 0 yatoa 1. Kwa 1 yatoa -1. Basi upo mzizi kati ya 0 na 1, ingawa si namba nzima wala sehemu. Twajua kwamba upo kabla ya kuupata.

Kupata mizizi kwa kanuni moja ni habari nyingine, na ndefu. Mtawa Mfransiskani Luca Pacioli aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1494 kwamba kanuni ya daraja la tatu kwa jumla haijapatikana. Haikupita miaka mingi, Scipione del Ferro wa Bologna akavunja sehemu ya ugumu huo, akaificha siri; mwaka 1545 Girolamo Cardano alichapa kanuni za daraja la tatu na la nne. Wengi walingoja ya daraja la tano. Mwaka 1824 Niels Henrik Abel, kijana wa Norway, akathibitisha kwamba kanuni ya namna ile, ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kuchukua mizizi peke yake, haiwezi kuwapo kwa kila polinomi ya daraja la tano. Linganisheni Pacioli na Abel: mmoja alisema haijaonekana, mwingine alisema haiwezi kuonekana na akatoa sababu.

Kwa walimu wetu, ombi letu ni dogo: katika kila mazoezi kumi, wekeni mawili yasiyovunjika, wala msiwaambie wanafunzi ni yapi. Kwa leo twaacha matatu: x³ - 7x + 6, x⁴ + x² + 1, x⁴ - 10x² + 1. Mbili kati ya hizo zavunjika kwa namba nzima. Ya tatu haivunjiki, na anayesema hivyo aandike hoja yake yote, kama tulivyofanya kwa x⁴ + 1.