Miradi ya wanafunzi katika programu huria za Wi-Fi

Miradi ya wanafunzi katika programu huria za Wi-Fi ni kazi za miezi michache ambazo wanafunzi hufanya ili kuboresha programu zinazoendesha ruta na antena. Kwa kuwa msimbo uko wazi, mwanafunzi aliyeko Tabora anaweza kuusoma na kuubadilisha sawa na mhandisi wa Berlin.

Historia

Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilitoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, kwa sababu ndani yake ilitumika Linux, ambayo leseni yake ya GPL inadai hivyo. Kutokana na msimbo huo ulizaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004. Tangu 2005 mpango wa Google Summer of Code huwalipa wanafunzi posho ili waandike programu huria wakiongozwa na wenyeji wa mradi. Tangu 2022 hata wasio wanafunzi hupokelewa. Freifunk, vuguvugu la mitandao ya jamii nchini Ujerumani, limewahi kulea wanafunzi wa mpango huo. Ndiko ilikoanzia itifaki ya B.A.T.M.A.N., inayoziwezesha ruta kupokezana data bila kituo kikuu, na ambayo iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2011.

Kugawana muda wa hewa

Mfano mzuri wa kazi ya mwanafunzi ni ule wa Toke Høiland-Jørgensen, aliyekuwa akisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Karlstad, Uswidi. Kwa kawaida Wi-Fi huvipa vifaa zamu sawa za kutuma, si muda sawa. Simu iliyo karibu ikiweza megabiti 54 kwa sekunde na nyingine ya mbali megabiti 6, zamu zikiwa sawa kila moja hupata takriban 5.4 tu, kwa hesabu tupu: mwenye mbio huenda kwa mwendo wa kobe. Muda ukigawanywa nusu kwa nusu, ya kwanza hupata 27 na ya pili 3. Høiland-Jørgensen na wenzake walichapisha suluhisho hilo mwaka 2017, nalo likaingizwa katika Linux.

Mfano wa Urambo

Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo (aliyefariki 1884), uko takriban kilomita 90 magharibi mwa Tabora, kwenye reli iendayo Kigoma. Ardhi yake ni tambarare yenye misitu ya miombo. Mtu angedhani tambarare ni rahisi kwa redio, lakini sivyo. Kwa masafa ya kilomita 90 mviringo wa dunia huinua ardhi karibu mita 120 katikati ya njia, hata baada ya kuhesabu kupinda kwa mawimbi hewani. Pasipo vilima, zinabaki njia mbili: minara mirefu mno, au vituo vingi vya kupokezana.

Kwa kilomita 10 mviringo huo ni mita 1.5 tu, ila mawimbi ya gigahezi 5.8 huhitaji nafasi tupu ya mita 7 hivi chini ya mstari wa antena, na miti haitoi nafasi hiyo. Miombo mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi, hivyo kiungo kilichopimwa mwezi Agosti huenda kikadhoofika majani yakirudi. Programu ya kupanga viungo inayojumlisha urefu wa miti na majira, badala ya mwinuko wa ardhi peke yake, ni mradi unaomfaa mwanafunzi wa huko.

Upo pia mradi wa saa. Redio ya Wi-Fi ikituma hungoja jibu la kupokelewa. Kwa kilomita 10 wimbi huchukua mikrosekunde 67 kwenda na kurudi. Ikingoja kwa muda mfupi kuliko huo hudhani data imepotea, huituma tena, na kiungo huonekana kibovu ilhali antena ni nzima. Kupima umbali na kurekebisha muda huo bila fundi kupanda mnarani kuna faida kubwa vijijini.

Kazi nyingine hazihitaji hesabu nyingi, kama vile kutafsiri LuCI, kurasa za kuongozea OpenWrt, kwa Kiswahili.

Nchini Tanzania mtandao wa jamii wa Kondoa, mkoani Dodoma, ulioanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dodoma, umetumia masafa ya televisheni yaliyo wazi. Masafa hayo ya chini hupenya majani vizuri kuliko Wi-Fi ya kawaida.