Mitambo Inayojiendesha Nayo Inahitaji Msimamizi

Kamati za sharika hutuuliza mara kwa mara: kijana aliyesomea umeme atapata kazi gani huku kwetu pwani? Wahisani nao huuliza kwa nini mradi wa maji uliozinduliwa kwa shangwe husimama baada ya miaka michache. Maswali yote mawili yanagusa fani moja, yaani usimamizi wa huduma za kiufundi.

Mfano mkubwa uko wilayani Bagamoyo. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976, ulipanuliwa kutoka lita milioni 182 kwa siku hadi milioni 270. Kiasi hicho hakiwezi kuendeshwa kwa kukisia. Lazima vipimo visomwe na pampu zitunzwe usiku na mchana.

Kanuni hizo hutumika hata katika kisima cha kijiji. Boya ndani ya tangi hupanda maji yanapojaa na kuzima pampu. Maji yakipungua, boya hushuka na pampu huwaka. Kifaa kingine huzima pampu kisima kinapokauka, isije ikaungua. Katika mitambo mikubwa, kompyuta ndogo hupokea vipimo, hufungua vali na kupiga kengele ya hatari.

Lakini boya hukwama, na hewa ya chumvi ya pwani hula viungo vya nyaya. Hapo ndipo anapohitajika msimamizi. Yeye hupanga ratiba ya ukaguzi, huweka akiba ya vipuri, huandaa makisio ya fedha na kuwapangia mafundi kazi. Hutunza pia daftari la mitambo. Daftari likionyesha kwamba uniti za Luku zinaongezeka huku maji yakibaki yaleyale, anajua pampu imechakaa au bomba linavuja, naye hutengeneza kabla huduma haijakatika.

Njia ya kuingia katika kazi hii iko wazi kwa wavulana na wasichana. Vyuo vya VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa umeme. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, hutoa stashahada na shahada. Anayetaka kuwa msimamizi aongeze utunzaji wa hesabu na uongozi wa watu.

Tangu mwaka 2019 maji vijijini yapo chini ya RUWASA, inayofanya kazi na vyombo vya watumia maji vya jamii. Hata hivyo, kila kamati ijiulize kabla ya uzinduzi: nani amefundishwa kutunza mtambo? Daftari liko wapi? Fedha za vipuri zitatoka wapi? Nanyi wahisani, mnapochangia pampu, tunawaomba mchangie pia ada ya kijana mmoja wa kuitunza. Pampu ikizimika, akina mama ndio wanaorudi kubeba ndoo kutoka mbali.