Akupancha kwa Majeruhi (2): Maumivu Hupungua, Mfupa Hauungwi kwa Sindano

Julai 1971, mwandishi mashuhuri wa gazeti la New York Times, James Reston, alikuwa Beijing alipobanwa na maumivu makali ya tumbo. Madaktari wa China walimpasua na kumtoa kidole tumbo. Upasuaji ulikuwa wa kawaida, na dawa za ganzi zilikuwa zile zile zinazotumika hospitali nyingine duniani. Usiku wa pili baada ya kushonwa, tumbo lilimjaa gesi na kumkaza asipate usingizi. Mtaalamu wa akupancha wa hospitali hiyo alimwomba ruhusa, akamchoma sindano tatu ndefu nyembamba kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, akawa anazizungusha kwa vidole. Kisha akawasha majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga na kuyashika karibu na tumbo lake. Kazi yote ilichukua kama dakika 20. Kabla saa moja haijaisha tumbo lilikuwa limelegea, na adha hiyo haikurudi tena.

Reston aliyaeleza hayo gazetini tarehe 26 Julai. Miezi saba baadaye Rais Richard Nixon alizuru China, na Wamarekani wakawa na hamu kubwa ya kuijua tiba hiyo. Katika kusimuliwa na kusimuliwa tena, habari ikageuka: hadi leo wapo wanaosema Reston alipasuliwa kwa sindano bila ganzi. Si kweli. Kisu kilifanya kazi yake kwanza, sindano ikafuata ili kumpunguzia mgonjwa adha wakati mwili unapona. Kwa mtu aliyeumia, hiyo ndiyo nafasi halisi ya akupancha hadi sasa.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza asili ya tiba hii: kitabu cha Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka 2,000 na zaidi, imani ya Wachina kuwa nguvu iitwayo qi hupita mwilini kwa njia maalumu, na sehemu 361 za kuchoma zinazotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Leo tunamtazama majeruhi: aliyeteguka kifundo cha mguu uwanjani, aliyeanguka na bodaboda, fundi aliyechanika msuli wa bega kwa kubeba mizigo.

Tuanze na kifundo kilichoteguka, maana ndilo jeraha linalowapata wengi. Kabla ya sindano yoyote, swali la kwanza ni kama mfupa umevunjika. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitunga mwaka 1992 kanuni ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Aliyeumia hupelekwa kupigwa picha ya eksirei ikiwa ana maumivu eneo la kifundo na hawezi kupiga hatua nne, au akibonyezwa anaumia kwenye mfupa wenyewe, upande wa nyuma wa nundu za kifundo. Mwenye dalili hizo hana haja ya kutafuta mchoma sindano. Anahitaji hospitali.

Ikithibitika kwamba mfupa ni mzima, mtaalamu wa akupancha humlaza mgonjwa na kusafisha ngozi kwa spiriti. Sindano yake haina tundu wala dawa ndani. Ni uzi wa chuma cha pua wenye unene wa kama robo milimita, ilhali sindano nyingi za hospitali za kuchomea dawa kwenye msuli zina unene wa milimita 0.6 hadi 0.8. Huipitisha ndani ya kibomba chembamba cha plastiki, akakigonga kichwa cha sindano kwa kidole, na ncha ikaingia kabla mgonjwa hajajiandaa kuumia. Sindano chache huwekwa kuzunguka kifundo, nyingine mbali kidogo, kwa mfano sehemu iitwayo Zusanli, upana wa vidole vinne chini ya goti. Mtaalamu huzungusha kila sindano taratibu mpaka mgonjwa aseme anahisi uzito, ganzi au joto. Wachina huiita hisia hiyo de qi, na kwao ndiyo dalili kwamba sindano imefika panapotakiwa. Baada ya hapo mgonjwa hulala kwa dakika 20 hadi 30. Wengine huunganishiwa waya na kupitishiwa umeme mdogo.

Wanasayansi wamejiuliza kwa muda mrefu ni nini hasa kinachotokea ndani ya mwili. Profesa Han Jisheng wa Beijing alitumia miongo kadhaa kulichunguza swali hilo. Yeye na wenzake walionyesha kwamba sindano huuchochea ubongo na uti wa mgongo kutoa kemikali za mwili zinazofanana kazi na mofini. Umeme wa mapigo 2 kwa sekunde huamsha aina moja ya kemikali hizo, na wa mapigo 100 huamsha nyingine. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Marekani na Kanada waligundua kuwa dawa ya naloksoni, inayozuia nguvu ya mofini, hupunguza pia nafuu ya akupancha.

Mwaka 2010, kundi la Maiken Nedergaard wa Chuo Kikuu cha Rochester lilipima panya waliochomwa karibu na goti. Kiasi cha adenosini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu, kilipanda mara 24 kuzunguka sindano. Sindano ilipoachwa bila kuzungushwa, nafuu haikuonekana. Naye mtafiti Helene Langevin alionyesha kuwa sindano ikizungushwa, nyuzi za tishu chini ya ngozi hujiviringisha juu yake mithili ya tambi kwenye uma, na mvuto huo hubadilisha umbo la seli zilizo jirani.

Matokeo hayo yanaeleza jinsi maumivu yanavyopungua. Hayathibitishi kuwapo kwa njia za qi, wala hayaonyeshi kwamba kano iliyokatika huunganika kwa sababu ya sindano.

Majaribio kwa binadamu yanataka kusomwa kwa utulivu. Watafiti wa Ujerumani waliwachunguza watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno na wakachapisha matokeo mwaka 2007. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 ya waliochomwa kwa utaratibu wa Kichina, asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipo rasmi, na asilimia 27.4 tu ya waliopewa dawa, fiziotherapia na mazoezi. Maana yake ni mbili. Waliochomwa walipata nafuu zaidi kuliko waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Lakini mahali hasa pa kuchoma palileta tofauti ndogo mno. Uchambuzi mkubwa wa mtafiti Andrew Vickers na wenzake, uliotolewa 2012 na kuhuishwa 2018 kwa takwimu za wagonjwa zaidi ya 20,000, ulikuta kwamba akupancha halisi huishinda ile ya kuigiza, ingawa kwa kiasi kidogo, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu bado ilikuwepo mwaka mmoja baadaye.

Kwa kifundo kilichoteguka majuzi, ushahidi ni dhaifu zaidi. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 20, mengi ya ubora hafifu, yakahitimisha kuwa hayatoshi kusema kwa uhakika kwamba akupancha inasaidia. Serikali nazo zinatofautiana. Nchini Marekani, bima ya Medicare ilianza Januari 2020 kulipia hadi vipindi 12 katika siku 90 kwa maumivu sugu ya kiuno, na vipindi vinane zaidi kwa anayeonyesha nafuu. Uingereza, taasisi ya NICE iliiondoa akupancha kwenye mwongozo wa maumivu ya kiuno mwaka 2016, kisha 2021 ikaikubali kwa aina fulani ya maumivu sugu.

Faida yake kwa majeruhi ni ipi basi? Ni mwendo. Kiungo kikilazwa muda mrefu, msuli hunyauka na kifundo hukakamaa. Mtu anapona kwa kukitumia kiungo hatua kwa hatua, lakini maumivu humfanya akwepe zoezi. Sindano ikimpa saa kadhaa za nafuu, huo ndio wakati wa kufanya mazoezi aliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Anayechomwa kisha akarudi kitandani ameipoteza faida yenyewe. Jeshi la Marekani limeitumia nafuu hiyo kwa namna yake. Mwaka 2001 daktari wa jeshi la anga, Richard Niemtzow, alibuni utaratibu wa kuchoma sehemu tano za sikio kwa visindano vidogo vinavyoachwa humo kwa siku kadhaa, na umetumika kwa askari waliojeruhiwa, kama njia mojawapo ya kupunguza utegemezi wa dawa kali za maumivu.

Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa 229,230. Asilimia 8.6 walipata madhara, mengi yakiwa damu kidogo au michubuko. Wawili waliingiwa na hewa kifuani baada ya pafu kutobolewa. Kwa hiyo aliyechomwa begani au mgongoni kisha akabanwa na pumzi aende hospitali mara moja. Sindano isipitishwe kwenye kidonda wala ngozi yenye usaha. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mjamzito, na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo wamweleze mtaalamu kabla hajaanza.

Afrika Mashariki si ngeni kwa tiba hii. Madaktari wa China walifika Zanzibar 1964 na Tanzania Bara 1968, na timu zao za miaka mingi zimekuwa na wataalamu wa akupancha. Leo pia zipo kliniki binafsi mijini, na si zote zina watu waliosomea. Tanzania ina sheria ya mwaka 2002 iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo ndilo lenye jukumu la kusajili watoa huduma.

Msomaji aliyeumia, anza hospitali ujue umeumia nini. Ukiamua kwenda kwa mchoma sindano, omba kuona cheti chake cha usajili. Hakikisha kila pakiti ya sindano inafunguliwa mbele ya macho yako na kila sindano inatupwa baada ya kutumika, maana sindano iliyorudiwa inaweza kukuambukiza homa ya ini aina ya B au virusi vya UKIMWI. Na akikwambia uache dawa za daktari au uvue plasta ya jasi kabla ya wakati, simama uondoke.

Sehemu ya tatu wiki ijayo itazungumzia akupancha kwa waliopatwa na kiharusi.