Kinga ya okazo: bomba la kiti likikwama, usikimbilie nyundo

Kila asubuhi makala inaingia Lubumbashi juu ya kinga, kwa barabara ya Kasenga na zingine. Kiti kikiwa chini sana, mwenye kubeba anaumia magoti. Lakini kwenye kinga ya okazo, bomba la kiti mara nyingi linakataa kupanda.

Sababu ni kutu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, maji ya mvua yanaingia ndani ya kadre. Bomba la aliminiamu ndani ya kadre ya chuma linakwama zaidi, juu metali hizi mbili zikilowa zinakulana.

Kwanza legeza buloni. Mwanga mafuta mepesi pale bomba linapoingia, acha yalale usiku, rudilia siku mbili, tatu. Kisha toa kiti, kaza bomba ndani ya etau, na watu wawili wazungushe kadre kushoto, kuume. Ni kuzungusha, si kuvuta. Moto usikaribie, mafuta yanawaka.

Nyundo inapinda kadre, na kadre iliyopinda haiaminiki tena na gunia.

Likitoka, sugua kutu, paka grisi. Na mbele ya kulipa, mwambie muuzaji apandishe kiti. Kikikataa, bei ishuke.