Besi Hainunuliwi kwa Wati

Rubaya, mji wa wachimbaji katika wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, unajulikana duniani kwa koltani. Inakadiriwa kuwa asilimia 15 hivi ya tantali yote ya dunia hutoka katika vilima vyake. Machimbo hayo yako mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, na udongo wake umefukia wachimbaji zaidi ya mara moja. Madini yakishatoka hapo husafishwa ng'ambo, kisha baadhi yake hurudi Kivu yakiwa ndani ya simu, kompyuta na vyombo vya muziki.

Vyombo hivyo vinatafutwa sana. Huku Kivu kwaya bila gitaa la besi huonekana haijakamilika, na bendi inayopiga rumba au seben bila besi haimwinui mtu kitini. Ndiyo maana pesa za michango huenda Goma kununua ampli na bafle, yaani spika. Shida huanzia dukani. Mnunuzi huuliza swali moja tu, "Ina wati ngapi?", naye muuzaji hutaja namba kubwa. Fizikia ya besi inasema swali hilo halitoshi.

Kazi ya tantali, na mpaka wake

Ukifungua mikisa ya kidijitali au pedali ya gitaa, mara nyingi utaona kwenye ubao wake vijitofali vya manjano au vyeusi vya milimita chache, kila kimoja na mstari upande mmoja. Hizo ni kapasita za tantali, na mstari unaonyesha upande wa chanya. Ndani kuna unga wa tantali uliookwa kwa joto kali hadi ukashikana huku ukibaki na vitundu vingi. Kiwandani unga huo hutumbukizwa katika asidi na kupitishiwa umeme, na juu ya kila chembe huota utando wa oksidi wenye unene wa nanomita mbili hivi kwa kila volti. Kwa kuwa utando ni mwembamba na umeenea juu ya eneo kubwa, kitu kidogo hivyo huweza kutunza chaji nyingi.

Wembamba huo una gharama yake. Kapasita nyingi za aina hii hazivumilii zaidi ya volti 50. Sasa chukua ampli inayosukuma wati 300 kwenye spika ya omu 4: kilele cha umeme unaofika kwenye spika ni volti 49, na ndani ya ampli volti huwa juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kazi nzito ya kutunza umeme wa ampli hufanywa na makopo makubwa ya alumini, na tantali hubaki upande wa umeme mdogo, kule sauti inakochujwa na kuongozwa. Fundi anayebadilisha kijitofali hicho aangalie mstari wake kwa makini, kwani kikiwekwa kinyume huweza kupasuka na kuwaka moto.

Kusukuma hewa

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, hutetema mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi moja la uzi huo lina urefu wa zaidi ya mita 8 na linaweza kuzidi upana wa kanisa dogo. Kuzaa wimbi la aina hiyo kunataka hewa nyingi isukumwe. Kanuni yake ni kali: ukitaka ukubwa uleule wa sauti huku ukishuka oktava moja, koni ya spika lazima isogee mbele na nyuma mara nne zaidi.

Sikio nalo linaongeza kazi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la mtu ni zito kwa sauti za chini. Vipimo vya leo vinaeleza hivi: sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde huanza kusikika karibu na desibeli sifuri, lakini ya mitetemo 40 haisikiki kabisa mpaka ifike desibeli 50 hivi.

Watengenezaji walilijua hilo mapema. Leo Fender alitoa gitaa lake la besi la umeme, Precision Bass, mwaka 1951, na mwaka uliofuata akatoa ampli ya kuliendesha, Bassman. Majukwaa yalipokua, kampuni ya Ampeg ilileta SVT mwaka 1969: wati 300 za taa za vakyumu, na makabati yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Tazama mpangilio huo. Badala ya kuibebesha koni moja kazi yote, waligawa hewa kwa koni nyingi, kila moja ikasogea kidogo bila kuumia. Kutegemea bafle moja ndogo katika uwanja wa wazi ni sawa na kuchota maji ya Ziwa Kivu kwa kijiko.

Tena kabati hilo maarufu la Ampeg huanza kupoteza nguvu chini ya mitetemo 58 hivi, na bado watu husikia E bila tatizo. Uzi wa besi hautoi mtetemo wa 41 peke yake. Hutoa pia 82, 123 na kuendelea, na ubongo ukisikia hizo hujijazia wenyewe ile ya chini. Kwa hiyo bafle isiyofika chini kabisa bado inaweza kupiga besi nzuri. Ukiwa na kichujio kwenye mikisa, kata kila kitu kilicho chini ya 35 au 40: utaokoa nguvu ya ampli na maisha ya koni, na msikilizaji hatajua kama kuna kilichopungua.

Hesabu ya safu ya nyuma

Kwenye karatasi ya spika tafuta namba ya desibeli inayofuatwa na "1W/1m". Hiyo ndiyo sauti inayotoka kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, na ina uzito kuliko wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa mgongoni mwa kabati. Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za nyongeza. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi.

Linganisha bafle mbili. Ya kwanza ina 88, ya pili 94. Ukiipa ya pili wati 300, itatoa desibeli 119 hivi kwa mita moja. Ili ya kwanza ifike hapo itahitaji wati 1,200, na huenda isiziweze. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili, hivyo mtu aliyesimama mita 32 kutoka jukwaani atapata 89 kutoka kwenye 119 zile. Kwa ampli hiyohiyo bafle ya kwanza ingempa desibeli 6 pungufu: tofauti imeletwa na kabati.

Wati zisizogeuka sauti huenda wapi? Spika ya desibeli 92 hugeuza asilimia 1 hivi tu ya umeme kuwa sauti. Karibu wote unaobaki huwa joto kwenye koili. Ndiyo maana bafle iliyolazimishwa usiku kucha hutoa harufu ya vanishi iliyoungua kabla haijanyamaza. Dalili ya mapema ni taa nyekundu ya ampli: ikiwaka mfululizo, vilele vya wimbi vinakatwa, na wimbi lililokatwa kabisa hubeba nguvu hadi maradufu ya lile laini lenye kilele hichohicho. Vispika vidogo vya sauti za juu ndivyo hufa kwanza.

Jenereta kwenye mwinuko

Sehemu kubwa ya Masisi haina waya wa umeme, kwa hiyo muziki huendeshwa kwa jenereta au sola. Hapa jiografia inaingia. Injini ya kawaida hupoteza asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vilima vya Masisi hupita mita 2,000. Kwenye mwinuko huo jenereta iliyoandikwa wati 2,000 hubaki na 1,500 hivi. Ngoma na besi zikigonga pamoja utaisikia injini ikizama na kuona taa zikififia, na hapo ampli inakosa umeme wakati ule inaouhitaji zaidi.

Ampli za daraja D zimeleta nafuu kubwa. Za zamani za daraja AB hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto, lakini daraja D hutumia vizuri asilimia 90 hivi, na ya wati 500 huweza kuwa na uzito wa kilo tatu au pungufu. Tena muziki haujai wakati wote. Mafundi huhesabu matumizi ya wastani kwa moja ya nane ya nguvu ya juu. Mfumo unaokula wastani wa wati 150 unaweza kuendeshwa saa nne na betri ya risasi ya volti 12 yenye ampea-saa 100, bila kuishusha chini ya nusu.

Kabla hujatoa dola

Kwanza, soma omu. Bafle mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Ukiongeza nyingine mbili unafika omu 2, na ampli nyingi hazikubali. Pili, kama mikisa iko mbali na jukwaa, nunua kisanduku cha DI, kinachopitisha sauti ya gitaa kwenye waya wa maikrofoni, maana waya mrefu wa kawaida wa gitaa hula sauti za juu na kuokota mvumo. Tatu, chomeka fimbo ya chuma ardhini na uiunganishe na jenereta. Mpiga besi anayeshika nyuzi huku mdomo wake ukigusa maikrofoni amejiweka katikati ya mitambo miwili, na hitilafu moja ya umeme inaweza kumuua. Nne, linda masikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 katika dakika 15 kwa kumbi za burudani, na watoto wa kwaya hawapaswi kuketi mbele ya bafle.

Ikiwa pesa ni chache, weka sehemu kubwa kwenye kabati lenye koni pana na desibeli nyingi kwa wati, kisha kwenye umeme safi, na ampli iwe ya mwisho. Ukifika dukani, omba karatasi ya spika uisome mwenyewe. Muuzaji akikataa kukuonyesha, nenda duka la pili.